Kibarua, Mshahara na Barabara ya Majani Chai: Mipango ya Kazi za Umma Ikitazamwa Kutoka Kericho na Bomet

Utangulizi

Tangu Kenya ijipatie uhuru mwaka 1963, serikali zake zimewaita mara kwa mara wananchi wasio na ajira washike jembe, sururu na sepetu katika kazi za umma. Majina yamebadilika, kuanzia mpango wa barabara za mashambani wa miaka ya 1970 hadi Kazi kwa Vijana ya mwaka 2009 na Kazi Mtaani ya mwaka 2020, lakini nia imebaki ile ile: kumpa mwananchi ujira wa siku kadhaa ili makali ya umaskini yapungue, na papo hapo nchi ibakiwe na barabara, mtaro, bwawa au miti.

Makala haya yanakusudia kuieleza mipango hiyo kwa kuitazama kutoka Kericho na Bomet, nchi ya majani chai. Hoja yetu ni kwamba haitoshi kuipima kwa idadi ya watu walioandikwa. Yafaa tuulize pia siku za kazi zilipangwa kwa kufuata kalenda ya nani, na ni nani hasa aliyekusudiwa. Katika eneo ambalo kazi ya chai haikomi mwaka mzima, maswali haya mawili yana uzito kuliko penginepo.

Huenda msomaji akauliza mambo ya ajira yanawahusu nini wanafunzi wa lugha. Yanawahusu sana. Mipango mikubwa ya miaka ya karibuni imepewa majina ya Kiswahili, na msamiati tunaoutumia kuizungumzia umebeba historia ambayo ripoti za wizara haziisemi.

Maneno ya kazi

Tuanze na neno kibarua. Kimsingi ni udogo wa barua. Huko Zanzibar katika karne ya 19, mtu aliyekodiwa kwa kazi ya kutwa, na aghalabu huyo alikuwa mtumwa aliyetumwa mjini na bwana wake kutafuta ujira, alipewa kikaratasi alipomaliza kazi ya siku, naye akakirudisha wakati wa malipo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalifafanua neno hili kwa mkondo huo huo. Baadaye jina la kikaratasi likamhamia mtu mwenyewe, tukapata vibarua. Kisha likaihamia kazi yenyewe, ndipo twasema fulani amepata kibarua. Leo hata waziri akifutwa, magazeti ya Kenya huandika kwamba kibarua chake kimeota nyasi. (Ni kinaya kwamba kazi waliyopewa vijana wengi katika mipango tutakayoitaja ilikuwa ya kufyeka nyasi.)

Mshahara una asili tofauti. Umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi, na hivyo mshahara kwa asili yake ni malipo ya kila mwezi. Mwenye mshahara anaijua kesho yake kwa siku thelathini. Mwenye kibarua anaijua kwa siku moja. Ujira na ajira, maneno yatokanayo na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya malipo ya kazi, yamesimama kati ya hayo mawili bila kutwambia muda. Wanasiasa wanapoahidi ajira, neno lenyewe linawaruhusu kumaanisha kibarua huku msikilizaji akisikia mshahara. Hatudai kwamba udanganyifu huo hukusudiwa kila mara. Twadai tu kwamba lugha imeuachia mlango wazi.

Katika Kenya ya kikoloni palikuwa na neno la tatu lililoogopwa: kipande. Kuanzia mwaka 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alitakiwa kubeba cheti cha usajili ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, na mwajiri akaandika humo siku za kuajiriwa na za kuachishwa. Mabonde ya Kericho yalipoanza kugeuzwa mashamba makubwa ya chai katika miaka ya 1920, na kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia, wachumaji wa kwanza waliingia na vipande vyao shingoni, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wameipoteza.

Kumbukumbu ya kazi ya lazima

Kazi za umma hazikuanza kama msaada kwa maskini. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1912 iliwapa machifu na wazee uwezo wa kuwaita watu kufanya kazi za kijamii bila malipo kwa siku 24 kila mwaka. Marekebisho ya mwaka 1920 yakaongeza uwezo wa kuwalazimisha watu kuifanyia serikali kazi kwa malipo hadi siku 60. Njia nyingi za mashambani zilichimbwa kwa mikono ya namna hiyo. Ndiyo maana katika vijiji vingi mwito wa chifu wa kwenda barabarani ulikuwa na harufu ya amri muda mrefu baada ya bendera kubadilishwa, na ndiyo maana serikali mpya ilihitaji neno jipya, Harambee, ili watu waje kwa hiari yao.

Uhuru ulileta tatizo la aina nyingine. Vijana walimiminika mijini kutafuta kazi ambazo hazikuwapo. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi vilitia saini mkataba wa pande tatu: waajiri binafsi waongeze wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali iongeze kwa asilimia 15, na vyama visidai nyongeza ya mishahara. Mikataba kama hiyo ilirudiwa mwaka 1970 na 1979. Matunda yake hayakudumu, kwa kuwa ajira haiongezeki kwa saini peke yake. Mwaka huo huo wa 1964 iliundwa Huduma ya Vijana kwa Taifa, inayojulikana zaidi kwa kifupi cha NYS, nayo ikawafunza vijana nidhamu na ufundi huku wakijenga barabara na kulima. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulichapisha ripoti juu ya Kenya ambayo hutajwa hadi leo. Ilisema kwamba tatizo kubwa halikuwa ukosefu wa kazi tu, bali wingi wa watu wanaofanya kazi na bado ni maskini. Mchumaji chai angeielewa sentensi hiyo bila kufafanuliwa.

Barabara ambayo majani hupitia

Mpango tunaouona kuwa wa maana zaidi katika historia hii hausemwi sana siku hizi. Mwaka 1974 serikali, kwa msaada wa wafadhili kadhaa, ilianzisha mpango wa barabara za mashambani uliotegemea nguvu kazi ya watu badala ya mitambo. Wanakijiji waliokaa kandokando ya njia ndio walioajiriwa. Walipimiwa kazi kwa kipimo, si kwa saa: mtu alipewa mita kadhaa za mtaro au mita za ujazo za udongo, na akimaliza mapema akaenda shambani kwake. Hadi katikati ya miaka ya 1980 takriban kilomita 8,000 zilikuwa zimejengwa kwa njia hiyo nchini, na wahandisi kutoka nchi nyingine za Afrika wakawa wanakuja Kenya kujifunza. Kituo cha mafunzo ya kazi hiyo kiliwekwa Kisii, mwendo mfupi kutoka Sotik.

Lakini lililo bora katika mpango huo lilikuja baada ya ujenzi kwisha. Mmoja wa vibarua waliojenga aliachiwa sehemu ya barabara, takriban kilomita 1.5 hadi 2, aitunze. Alizibua mitaro, akafukia mashimo, akafyeka pembeni, akasafisha makaravati, na akalipwa kwa siku 12 za kazi kila mwezi. Siku zilizobaki zilikuwa zake.

Yeyote aliyeishi katika nchi ya chai ataitambua thamani ya mpango wa namna hiyo. Mkulima mdogo anayeuza majani kwa viwanda vilivyo chini ya KTDA, kama vile Litein, Momul, Kapkoros au Mogogosiek, hachumi kila siku. Hurudi kwenye mche ule ule baada ya juma moja hadi mawili, na katikati ana siku ambazo mikono yake haina kazi ya fedha. Siku 12 kwa mwezi zinaingia katika nafasi hizo bila kumnyang'anya siku ya kuchuma. Mpango unaomtaka awepo kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, mwezi mzima, unamlazimu kuchagua kati ya majani yake na ujira wa serikali, na mwenye akili atachagua majani.

Kuna sababu ya pili. Jani la chai haliwezi kungoja. Likishachumwa huanza kunyauka, na likirundikwa kwenye gunia kwa muda mrefu hupata joto na kuchacha, kiwandani likakataliwa au likaharibu chai ya wengine. Kericho hupata mvua karibu mwaka mzima, na barabara ya udongo ikishapasuka lori la majani hukwama. Wakulima husimama kwenye kituo cha kununulia hadi usiku wakingoja lori ambalo limezama kwenye tope kilomita tatu kutoka walipo. Majani yanayomwagwa asubuhi ni fedha iliyopotea mara mbili, kwani hayaingii katika malipo ya mwezi wala katika bonasi ya mwisho wa mwaka. Kwa hiyo siku moja ya kibarua iliyotumika kuzibua karavati katika njia ya majani hulipa mara mbili: humlipa aliyeizibua, na huwalipa kaya zote zinazouza majani kwenye kituo hicho. Siku hiyo hiyo ikitumika kufyeka nyasi mbele ya ofisi ya serikali humlipa mmoja tu.

Mpango huo ulifuatwa na mingine yenye mwelekeo huo huo, lakini fedha za matengenezo zilipopungua watunzaji wengi waliachwa bila malipo na mitaro ikajaa. Tangu mwaka 2013 sehemu kubwa ya njia za vijijini imekuwa mikononi mwa serikali za kaunti. Aghalabu kaunti hupendelea greda. Greda hupita haraka, huonekana, na picha yake hupendeza siku ya uzinduzi. Mvua ya kwanza ikija hakuna mwenye sepetu wa kufungua mtaro.

Inafaa pia kutaja mpango wa Nyayo wa kanda za chai, ulioanzishwa kwa agizo la Rais Daniel arap Moi mwaka 1986. Serikali ilipanda chai kandokando ya misitu, ukiwemo msitu wa Mau, ili ukanda huo uwe mpaka usiovukwa na wakati huo huo uwape wenyeji kazi ya kuchuma. Wakosoaji walisema, na kwa haki, kwamba msitu wenyewe ulikatwa ili chai ipandwe, na baadhi ya sehemu zilizofyekwa hazikupandwa kitu. Hata hivyo ni mojawapo ya mipango michache ya umma katika eneo hili iliyoacha kazi ya kudumu badala ya kumbukumbu.

Kazi kwa Vijana, Kazi Mtaani

Machi 2009 Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga walizindua mpango wa Kazi kwa Vijana. Wakati wenyewe unaeleza mengi. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo hata katika mashamba ya chai ya Kericho wafanyakazi waliotoka jamii nyingine walishambuliwa na kutoroka. Ukame na bei ya chakula viliongeza uchungu. Vijana wasio na kazi walionekana kama petroli iliyosubiri kiberiti. Ndiyo sababu kibali kikawa umri: miaka 18 hadi 35.

Benki ya Dunia iliingia mwaka 2010 kufadhili sehemu ya mpango. Mwaka 2011 mapitio ya hesabu yalionyesha matumizi yasiyostahiki, ufadhili wa sehemu hiyo ukasitishwa, na Bunge likapata mjadala mkali. Mitaani palizuka kejeli iliyoenea haraka: kazi kwa vijana, pesa kwa wazee. Mwanafunzi wa mitindo ya lugha na atazame jinsi umma ulivyoichukua kwa yule yule wa serikali na kuugeuza kuwa upanga.

Kazi Mtaani ilizaliwa Aprili 2020, wakati wa janga la korona, kwanza katika makazi duni ya miji michache, kisha kuanzia Julai 2020 katika kaunti zote 47. Vijana zaidi ya 270,000 waliandikishwa. Walifanya kazi kwa zamu, siku 11 kwa mwezi, kwa shilingi 455 kwa siku, na malipo yakapitia simu ya mkononi. Kwa mwezi hiyo ni shilingi 5,005. Malipo ya simu yaliondoa mikono mingi ya kati, na zamu ilikuwa na hekima ile ile ya siku 12 za mtunza barabara, ingawa sidhani waliopanga walikumbuka historia hiyo. Baada ya serikali kubadilika mwaka 2022 mpango ulikoma, na vijana wakaelekezwa kwenye ujenzi wa nyumba za bei nafuu.

Jina lake ndilo linalotupa mashaka. Mtaa, katika Kiswahili cha Kenya, ni makazi ya mjini. Kericho mjini kuna mitaa. Silibwet na Sotik kuna mitaa. Lakini wakazi wengi wa Bomet wanaishi bomani kwao, kila boma na shamba lake la chai na mahindi, na wafanyakazi wa kampuni wanaishi katika kambi ndani ya mashamba makubwa. Mpango uliobuniwa kwa ajili ya Mathare na Kibera ulipofika kwenye vilima vya chai ulilazimika kutafuta mtaa wa kusafisha.

Tanzania ilichagua maneno mengine. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, huziita kazi zake ajira za muda, na mlengwa wake ni kaya maskini, iliyopewa hadi siku 60 za kazi kwa mwaka. Jina hilo halina mvuto wa jukwaani, lakini halimdanganyi mtu: linatamka muda. India nayo, kwa sheria ya mwaka 2005, iliahidi kila kaya ya mashambani siku 100 za kazi kwa mwaka kama haki inayoweza kudaiwa, na mtu mzima yeyote wa kaya hiyo aliweza kujitokeza. Katika nchi zote mbili kipimo kilikuwa kaya. Kenya ilichagua umri.

Mashine na yule aliyeachwa nje

Tofauti hiyo isingetushughulisha sana kama si jambo linaloendelea Kericho na Bomet. Kwa muda wa miongo miwili hivi kampuni kubwa zimekuwa zikiingiza mashine za kuchuma chai. Wafanyakazi waligoma kwa sababu hiyo mwaka 2010, chama chao kikaenda mahakamani mara kadhaa, na Mei 2023 waandamanaji waliteketeza mashine katika shamba la chai huko Kericho. Kampuni husema kwamba gharama ya mikono imepita bei ya chai mnadani Mombasa. Wachumaji husema kwamba mashine moja imemeza kikapu cha kijiji kizima. Hatukusudii kuamua kesi hiyo hapa. Twatazama tu ni nani anayebaki bila kazi.

Anayebaki, mara nyingi, si kijana wa miaka 22. Ni mwanamke au mwanamume aliyechuma kwa miaka 15 au 20, mwenye umri wa miaka 40 na zaidi, aliyekuwa akilipwa kwa kilo na kupewa nyumba kambini. Akipoteza kazi anapoteza nyumba siku hiyo hiyo, na pengine shule ya watoto na zahanati ya kampuni pia. Mkulima mdogo wa Konoin ana miche yake ya kumshikilia. Mpango wa siku 11 au 12 kwa mwezi unamfaa kama nyongeza. Huyu wa kambini hana mche hata mmoja, na nyongeza haina kitu cha kuongezea.

Kwa masharti ya Kazi kwa Vijana na ya Kazi Mtaani, umri ulimtoa nje kabla hata hajafika mezani. Makao yakamtoa mara ya pili. Wengi wao walitoka Kisii, Nyamira, Vihiga au Siaya. Uandikishaji wa kazi za umma hupitia kwa chifu na kamati za mahali mtu anapoishi, na mtu aliyeondoka kambini juzi hana mahali hapo. Huko alikozaliwa nako amekuwa mgeni anayerudi na mizigo. Majina yao, hata hivyo, hayajapotea. Yamo katika madaftari ya kampuni na ya chama cha wafanyakazi wa mashambani, pamoja na miaka waliyofanya kazi, na hapo ndipo kaunti mbili hizi zingeanzia kama zingetaka kuwaandika kwanza, bila kuuliza umri, katika utunzaji wa barabara zile zile ambazo malori ya majani huzipita.